Mtandao Uliolala Chumbani kwa Mkwe

Nyumba ya Nyuma,
Ua wa Marehemu Baba,
Tunduma.

Kwa mpwa wangu Sebastian,
Mwenyekiti, Katibu na Mjumbe Pekee wa Kamati ya Kuchagua Waifai ya Familia,
Dodoma.

YAH: PINGAMIZI LA KULETEWA MTANDAO KUPITIA CHUMBA CHA KULALA CHA MKWE WANGU

Ndugu Mwenyekiti, mwana wa dada yangu,

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na wewe unahusika zaidi yake. Natumaini hujambo huko Dodoma, ambako nasikia mtandao unaingia mpaka bafuni na hakuna anayeuliza umetokea kwa nani. Sisi huku wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa ule mchoro wako uliotuma kwenye kundi la familia, wenye viduara vitatu na mishale, haukuwa na heshima hata moja. Umesema kila mtu atoe maoni kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu unanunua seti, na ikishanunuliwa duka halirudishi. Wenzangu wote wakaweka kidole gumba. Mimi sikuweka. Kidole changu hiki kiliwahi kusimamisha lori la shaba lililokatika breki kwenye mteremko wa kwenda forodhani, na dereva wake, Mkongomani mmoja mnene, mpaka leo ananitumia salamu za Krismasi. Siwezi kukisimamisha ovyo kwa ajili ya viduara.

Nisieleweke vibaya. Sipingi maendeleo. Mimi ndiye mtu wa kwanza kunasa mtandao Kamsamba, enzi za simu za tochi, nilipokwenda kuvuna mpunga. Nilipanda juu ya kichuguu na sufuria la kupikia msibani, nikalielekeza upande wa Sumbawanga, mtandao ukaja mwingi mpaka ukamwagika. Wafugaji waliokuwa bondeni wakaanza kupokea simu, na wengine wao hata simu hawakuwa nazo. Elimu yangu ni darasa la saba, nakubali, lakini ni la zamani, ambalo kwa vipimo vya leo ni digrii moja na nusu. Kwa hiyo ukiandika mambo ya kitaalamu usidhani unamwandikia mtu wa kuvushwa barabara.

Na tatizo lenyewe nalikubali. Ua wetu uko karibu na mpaka kiasi kwamba simu ukiigeuza upande wa pili inakuwa ya Zambia. Unakaa sebuleni kwako Tunduma, simu inakukaribisha Nakonde na kukurudisha nyuma saa nzima, na bando lako linabaki upande huu likikupungia mkono. Nimeshachelewa ibada kwa sababu ya simu ya aina hiyo, mchungaji akaniuliza mbele ya kwaya kama siku hizi nasali Lusaka. Kwa hiyo waifai ya ua mzima ni wazo zuri sana. Wazo hilo lilikuwa langu, ila nilikuwa sijalisema.

Sasa Jumanne akaja Ishaka, fundi uliyemtuma, na seti yake ya majaribio: vidude vitatu vyeupe kama mabakuli ya sukari yaliyofunikwa. Waya wa intaneti kutoka barabarani unaishia nyumba ya mbele, kwa mama yako, dada yangu Teresia, basi kimoja akakiweka pale. Cha pili akakiweka nyumba ya katikati, ya mwanangu Enoka, ambaye kama ujuavyo yuko safarini na lori upande wa Kongo, na mkewe Agnes amebaki peke yake na tumbo la siku za mwisho. Akakiweka chumbani, juu ya kabati la nguo. Cha tatu akakileta kwangu, nyuma. Akaeleza kwamba vinapokezana hewani bila waya: cha mbele kinakipa cha katikati, cha katikati kinakipa cha nyuma. Akafunga begi lake akaenda kuswali, akaniachia malalamiko yafuatayo.

1. Kuitwa mtoto. Kile cha mbele Ishaka anakiita mama, na hivi viwili anaviita watoto. Nikamuuliza mbele ya majirani, huyu wa kwangu ni nani? Akajibu bila kupepesa, "Huyu ni mtoto, mzee." Mimi, niliyezaa na kuoza, nimetundikiwa mtoto ukutani, na mama yake anaishi kwa dada yangu! Tangu siku hiyo Teresia akipita hapa anachungulia dirishani na kuuliza, "Kefa, mtoto ameshiba?" Maana yake ni kama taa ya kidude imewaka kijani. Halafu anacheka mpaka anashika ukuta. Ukuta wenyewe ni wangu.

2. Makombo. Katika ua huu mwanaume mkubwa aliyebaki ni mimi, na kwetu sahani ya kwanza huenda kwa mkubwa. Lakini mtandao unaanzia kwa Teresia, unapita kwa Agnes, ndipo unanifikia mimi ukiwa umechoka. Tena Ishaka mwenyewe amekiri kwamba seti ya aina hii, ambayo vidude vinapeana mzigo kwenye njia ile ile wanayotumia watu, kila unapopokezwa hupungua karibu nusu. Nusu! Yaani Teresia anakula ugali mzima, Agnes anapata nusu, mimi nafunua chungu nakuta ukoko. Na hapo sijahesabu wajukuu wa Teresia wanaotazama katuni tangu jogoo anawika. Hata panya wa ghalani, ambaye hana dini, hachukui nusu.

3. Njia ya nyuma. Nilipolalamika, Ishaka akasema dawa ipo. Kuna seti nyingine iliyo bora, yenye njia tatu badala ya mbili. Njia mbili ni za watu, ya tatu ni ya vidude vyenyewe tu kupeana mzigo, simu ya mtu haiigusi, kwa hiyo mtandao unafika nyuma ukiwa bado na nguvu. Nikaona hapo sasa tunaongea. Nikamuuliza hiyo ya tatu inaitwaje. Akasema, "Tunaiita njia ya nyuma, mzee."

Sebastian. Njia ya nyuma. Tunduma. Wewe umezaliwa hapa, umesahau? Hapa mtoto wa chekechea anajua kwamba njia ya nyuma ni ile inayozunguka forodha, sukari ikienda na mafuta ya kula yakirudi, na mtu akiitaja kwa sauti wenzake wote wanashikwa na kikohozi. Nikamshika Ishaka mkono, nikamwambia ateremshe sauti kwa sababu jirani yetu wa kulia ana shemeji yake forodhani. Ndiyo kwanza akapaza: "Usiogope mzee, mzigo mkubwa wote utapita njia ya nyuma, hakuna mtu atakayeona kitu!" Dirisha la jirani likafunguka. Tangu siku hiyo akinisalimia, ananiangalia mimi kidogo na ghala langu la mahindi sana.

Si kwamba nazidharau njia hizo. Ujanani nilizijua kama mistari ya kiganja. Nilipata kuvusha ng'ombe aliyevaa koti la mvua, mlinzi upande wa pili akamsalimia, "Mwapoleni mukwai," na yule ng'ombe, kwa sababu alikuwa wa kwetu na amefundishwa adabu, akaitikia. Lakini hayo yalikuwa ya porini. Kuyaingiza uani, mbele ya Teresia, ni jambo jingine.

4. Kamba. Ishaka akaona hali imechafuka, akasema basi tuachane na hewa, tuchimbe mtaro tuvute waya kutoka kwa mama yako mpaka kwangu, mtandao utafika wote bila kupungua. Kitaalamu ni kweli, na nilikuwa nimeshaona hivyo kabla yake. Lakini kijamii? Mwanaume mzima nifungwe kamba kwenye nyumba ya dada yangu kama mbuzi wa Pasaka? Na siku tukikosana si ataivuta? Halafu mtaro wenyewe ungekata katikati ya bustani ya mke wangu. Fausta alikuwa anapalilia, akasimama na jembe lake, akasema, "Chimbeni tu, nina mtu wa kumzika humo." Hakumtaja. Ishaka alirudi nyuma hatua kadhaa, mimi nilibaki nimesimama palepale, kwa ushujaa, kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi.

5. Ukuta wangu kutukanwa. Utauliza, kwa nini mtandao usitoke mbele uje moja kwa moja nyuma? Eti kwa sababu katikati kuna ghala langu la bati, na mawimbi hayapiti kwenye bati. Na yakilizunguka ghala yanakutana na ukuta wa nyumba yangu, ambao nilijenga kwa tofali za kuchoma mbili mbili kwa sababu nilikuwa najenga nyumba, sijengi kibanda cha kuuzia vocha. Ishaka anasema mtandao unafika hapo unarudi. Sasa kosa langu ni nini? Hata wezi wanarudi.

Kwa hiyo, anasema, mlango pekee uliobaki ni dirisha la chumba cha Agnes, kwa sababu linatazamana na dirisha langu. Na hapo ndipo naomba ukae, kama umesimama.

6. Mkwe. Wewe umekulia shule za bweni, labda mila zimekupita pembeni, au mama yako alianza kukufundisha akashikwa na kicheko. Sisi Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Agnes akinisikia nakohoa, anapita nyuma ya banda. Mimi nikiona kitenge chake kimeanikwa, nazunguka kwa mbali kama nimeona askari wa barabarani. Hatujawahi kukaa benchi moja wala kushika sahani moja, na chumba anacholala sijakitia jicho tangu alipoingia humo kama bibi harusi, ingawa nilikijenga mimi. Ndiyo heshima yenyewe. Na hatujawahi kugombana hata siku moja, maana mtu usiyekutana naye utagombana naye saa ngapi?

Sasa wewe, msomi, unachukua mtandao, unauingiza kwenye chumba hicho, unaulaza juu ya kabati lenye nguo zake, halafu unautoa dirishani kuniletea mimi niutumie! Taarifa ya habari ninayotazama imepita juu ya kitanda cha mkwe wangu. Mahubiri yamepita juu ya kitanda cha mkwe wangu. Juzi mtangazaji alikuwa anasoma bei ya mahindi, nikajikuta nimeinamisha macho. Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa nikamuuliza kama mawimbi yana ukwe. Akasema ataliombea jambo hilo. Mpaka leo anaomba.

7. Najua utakachojibu. Utasema, mjomba, basi tuugeuze. Waya wa barabarani uletwe kwako, kile kidude cha mama kikae kwako, kisha mtandao utoke kwako uende kwa Agnes, utoke kwa Agnes uende kwa Teresia, yeye ndiye ale ukoko. Nilishalifikiria. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nikawa namwona Teresia anakuja kuuliza kama mtoto wake ameshiba. Halafu chai ikanikwama. Kumbe hapo mimi ndiye nitakuwa napeleka kitu dirishani kwa mkwe wangu, kutwa kucha, bila kupumzika! Anayepokea anaweza kusema hakujua kimetoka wapi. Anayepeleka ataliambia nini kanisa?

8. Kwa hiyo nimekuja na ufumbuzi, na ninaomba uuandike kwenye mchoro wako kwa wino usiofutika. Kidude cha katikati kitolewe chumbani kwa Agnes, kiwekwe kwenye banda la kuku. Banda liko katikati ya nyumba zote tatu. Kuku hawana ukwe na mtu. Hawatazami katuni, na hawana shemeji forodhani. Ishaka anadai wavu wa banda nao unazuia mawimbi. Sawa, nitautoa wavu, kuku watakaa kwa uaminifu. Anadai mvua; nitakivika mfuko wa mbolea. Anadai jogoo atakidonoa. Jogoo wangu namjua, haanzi ugomvi.

Pingamizi lililobaki ni la wanawake, nami nalileta mbele yako ili usiseme nimelificha. Fausta na mama yako wanasema Agnes anaweza kushikwa na uchungu siku yoyote. Enoka amekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kwenye foleni ya malori isiyosogea, na kwa kuwa simu za humu ndani zinarukia Zambia kila baada ya kitambo, Agnes hana njia ya uhakika ya kumpata mumewe, wala ya kumwita mtu wa bajaji, isipokuwa hiyo waifai ya chumbani. Wanasema kidude kikihamia kwa kuku, mle chumbani utabaki mstari mmoja wa mtandao unaotetemeka. "Na akishikwa peke yake amwite nani, jogoo?" Hayo ni maneno ya mama yako, nimeyanukuu yalivyo.

Niliwasikiliza kwa heshima. Kisha nikawaambia kwamba mimi nilizaliwa Ileje hakuna mstari hata mmoja, mama yangu akitokea kulima, na nilipotoka tu nikauliza chakula kiko wapi. Fausta akasema hilo la chakula analiamini.

Wanasema pia nina wivu. Eti kinachonichoma si mila, ni kwamba Enoka akipiga simu anampigia mkewe, na mimi baba yake naletewa salamu na Fausta zikiwa zimepoa, "Enoka kasema hajambo," basi. Huo ni uzushi. Mtu hawezi kuuonea wivu mtandao. Mimi nasimamia heshima ya Agnes mwenyewe, ambaye hajaombwa maoni na sitarajii aombwe, maana itabidi nani amwombe?

Kwa maelezo hayo, Ndugu Mwenyekiti, naomba Jumatatu isikukute na uamuzi mwingine. Seti unayoitaka wewe, ya njia mbili, ni ukoko. Ya njia tatu ni magendo. Ya waya ni kamba ya mbuzi. Nunua yoyote, lakini kifaa cha katikati ni cha kuku, na kama Kamati itaona vinginevyo, nitachomoa hiki cha kwangu, nitapanda juu ya ghala na sufuria, na Tunduma nzima itapata mtandao isipokuwa ninyi.

Nafunga kalamu nikiwa mnyenyekevu kwa mila na si kwa mishale. Nisalimie mkeo na watoto, mwambie mdogo kwamba ile hadithi ya ng'ombe nitammalizia akija. Wasalimie wafanyakazi wenzako, jirani yako mwenye mbwa, na yeyote hapo Dodoma anayenifahamu, ambao nadhani ni wengi. Mama yako anakusalimu sana. Amepita dirishani sasa hivi, nadhani unajua alichouliza.

Mimi mjomba wako,
Kefa
(Msemaji wa Nyumba ya Nyuma)

Nyongeza. Bahasha ilikuwa bado haijapatikana, Agnes akajifungua. Alishikwa na uchungu jana mchana, Fausta yuko sokoni na mama yako yuko kwenye maombi. Nyumbani tulikuwa yeye na mimi tu, na mimi, kwa jinsi unavyojua, nisingeingia mle hata paa lingewaka. Nilisikia ananguruma, nikasimama uani nimeshika kofia, sijui nimwite nani wala niseme nini. Kumbe mwenzangu ameshapiga simu palepale alipolala. Bajaji ilifika kabla sijapata kiatu cha pili. Fausta alikutana nao hospitali. Leo wamerudi, wazima wote wawili. Ni mwanaume.

Wanawake wa mtaa mzima wameingia kumwona, hadi mke wa jirani wa kulia. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, vigelegele vinanifikia kwa mbali kwa sababu ya zile tofali mbili mbili. Ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa Fausta, kutoka ng'ambo ya ua, kwa picha. Na Enoka alikuwa ameshaunganishwa, amekaa kwenye usukani huko Kasumbalesa, anajifuta uso kwa fulana. Akasema, "Baba, unamwona?" Nikasema ngoja, nageuza kiti kisielekee dirisha la mkwe. Fausta akageuza simu. Agnes alikuwa amejifunika kanga uso wote, kwa adabu, kwa hiyo mila haijavunjika popote, nimekagua vizuri. Na pembeni yake yupo. Akapiga mwayo mkubwa kama mtu aliyetoka safari. Tulikaa hivyo wanaume watatu mpaka chaji ikaniishia, nikaichomeka, nikapiga mwenyewe tena.

Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti, futa namba moja mpaka namba nane. Nunua ile ya njia tatu; mzigo upite nyuma, na jirani akiuliza ni mzigo gani nitamwonyesha picha. Kuku wabaki na wavu wao. Kile cha juu ya kabati kisiguswe na mtu yeyote, hata kwa kufutwa vumbi, na Ishaka akija kuchukua cha kwake cha majaribio, aje na kipya mkononi kwanza, au nitamwachia Fausta aongee naye.

Mtoto ana masikio yangu. Nimeyaona yote mawili, na picha haikukwama hata mara moja.